Pengo la Kiganja Kimoja

Shangazi yangu ni mfua shaba, na mtaani wanamwita Koleo, kwa sababu akikushika mkono kukusalimu utajuta kuzaliwa na vidole. Ni dada mkubwa wa baba. Na mdomo wake ndio usiseme: mteja akimharakisha, humwambia, "Basi fua mwenyewe, nyundo hiyo hapo." Nafanya kazi naye tangu nilipomaliza shule. Yeye anakata na kufua, mimi napiga msasa.

Kazi yetu kubwa ni pete. Sisi watu wa Pete, kila nyumba ina moja juu ya mlango wa mbele, pana kama sahani, na maana yake hata mtoto anayetambaa anaijua: walio ndani ni kitu kimoja. Mtu wa nyumba akiondoka akakaa mbali, pete inakatwa pengo lenye upana wa kiganja cha mama yake. Pengo likiwa wazi, nafasi yake ipo. Siku yoyote atasukuma mlango aingie, bila hodi. Ikithibitika amekufa, fundi anakata kizibo, Mlinzi, kiongozi wa nyumba ya ibada, anakuja kukilehemu, na kilio kinaanza. Na ikitokea mtu akarudi akakuta pengo lake limezibwa, basi ameshaliliwa, ameshaagwa. Habishi hodi, anageuza. Ndivyo tulivyofundishwa, na aliyetufundisha ni Mlinzi, yaani baba yangu mzazi.

Pete ya Shangazi ilikuwa na pengo la mwanawe wa pekee. Binamu yangu huyo aliurithi mdomo wa mama yake. Siku moja, mbele ya waumini wote, alimwambia baba, "Mjomba, wewe unapenda kusikilizwa kuliko unavyopenda kuamini." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Tangu hapo kukawa hakukaliki, binamu akafunga mzigo akaenda zake. Baba mwenyewe ndiye aliyeshika msumeno kukata lile pengo, akamwambia dada yake, "Usilie, dada. Hili likiwa wazi, mtoto bado ni wako." Shangazi aliyaamini maneno yale kwa moyo wote. Miaka ikaenda, salamu hakuna. Watu wakaanza kumshauri azibe, aachane na kungoja. Aliwatimua wote.

Sasa sikilizeni mambo. Wiki iliyopita mfagizi wa nyumba ya ibada alituletea kijiti. Ndiyo desturi: anayetaka kizibo hukata kijiti sawa na pengo, akakituma kwa fundi, na fundi haulizi ni cha nyumba gani. Msiba wa watu hauchokonolewi. Shangazi alikilaza kijiti kwenye kiganja chake, kikaenea sawasawa.

"Maskini, mama huyu ana mkono kama wangu," akasema.

Akaniambia nizime redio. Alikikata kizibo taratibu, akazipiga tupa ncha zote mbili, hata msasa hakunipa nipige mimi. Machozi yakawa yanadondoka juu ya meza ya kazi. Yeye ambaye sijawahi kumwona akilia karakanani, siku hiyo alikuwa anamlilia mama asiyemjua.

Shangazi huingilia mlango wa uani, kule kwenye bomba na jiko, kwa hiyo anaweza kukaa hata wiki asiitazame pete yake ya mbele. Jumamosi tulikuwa tunakunja kona kuelekea kwake, muuza mkaa akavuka barabara, akavua kofia. Kibanda chake kinatazamana na mlango ule.

"Pole kwa msiba, dada. Mbona hamkutuambia tuje tukae na nyinyi?"

"Msiba gani tena?" Shangazi akauliza. "Umeamka na nini leo?"

Mwanamume yule akamtazama, akanitazama na mimi, akanyoosha kidole juu ya mlango.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Shaba mpya ilikuwa inang'aa katikati ya shaba kuukuu kama jino la bandia. Shangazi alizunguka uani. Alitoa stuli, akapanda, akazipapasa zile ncha.

"Nimekikata mimi," akasema. "Mimi mwenyewe, jamani!"

"Mlinzi alikuja kukiziba juzi asubuhi, nyinyi mko kazini," muuza mkaa akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani mmekubaliana. Na yule mgeni wako wa jana naye aliumia sana. Kijana mrefu, ana kovu la moto kidevuni, na begi begani. Alikuja anacheka peke yake. Akashika kitasa, halafu akainua macho. Alisimama pale, weee! Kisha akaondoka. Nilimwita anywe hata maji, hakugeuka."

Kovu lile binamu alilipata karakanani akiwa mdogo, tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka lilimrukia. Shangazi aliteremka akakimbia hadi stendi na gauni lake la kazi, mimi nyuma yake. Tuliuliza makondakta, wauza karanga, wapiga debe. Magari ya jana yameenda pande zote, nani amkumbuke abiria mmoja?

Kutoka stendi tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwetu. Baba alikuwa mezani anakunywa chai.

"Ulijua anakuja?" Shangazi akamuuliza. Hakusalimu.

Baba akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. Aliyejibu ni mama, kutoka jikoni. "Si kuna dereva wa lori alileta salamu hapa, kwamba mtoto yuko njiani? Nilidhani umeambiwa, wifi."

Niliona aibu kuwa mtoto wa mtu yule, na sitaki kuipunguza aibu hiyo. Aliipata salamu, akaenda kupima pengo, akakata kijiti, akampelekea dada yake amkatie mwanawe njia kwa mkono wake mwenyewe!

"Angekuja kunivua nguo tena mbele za watu," baba akasema mwishowe. "Na wewe, dada, usiyakuze mambo. Ile ni shaba tu. Mtu mwenye hamu na mama yake angebisha hodi."

Shaba tu! Mtu aliyetupigisha magoti chini ya hiyo shaba tangu tuko wadogo.

Nilingoja Shangazi amrukie. Alivuta kiti, akakaa, akaiweka mikono yake mikubwa mapajani.

"Mwanangu nilimlea vizuri, mdogo wangu," akasema. "Nilimlea kwa maneno yako. Ndiyo maana hakubisha."