Kitanda Kinachopita Mlangoni

Baba yangu ni seremala wa Keko. Alikuja Dar akiwa kijana kutoka Njombe, akajifunza kazi kwa fundi mmoja mtu wa pwani, na alipopata banda lake mwenyewe kando ya barabara hakulihama tena. Nimekua nikijua kwamba kila kitu chenye miguu minne nyumbani kwetu Temeke kimetoka mikononi mwake. Ila sikuwahi kujua alivyokuwa akiamua atengeneze nini, na auze bei gani. Hilo nimekuja kulijua ukubwani, pale kampuni niliyokuwa karani wake ilipofunga ofisi ya Dar na sie tukaambiwa twende nyumbani.

Nilikaa ndani wiki kadhaa nikituma maombi ya kazi. Siku moja nikamwambia baba naomba niwe namsaidia pale karakana mpaka nipate kazi.

“Njoo,” akasema. “Ila mie sina mshahara wa kukupa. Kuna chai ya asubuhi na vumbi.”

Nikaenda. Nikapewa brashi ya vanishi na kiti cha kukalia nikingoja wateja. Kwenye kile kiti ndipo nilipoanza kuona jinsi biashara yetu inavyokwenda. Mteja akisimama, baba anamtazama kuanzia viatu mpaka usoni, anaangalia kama amekuja na gari au kwa miguu, kisha anataja bei. Mteja anacheka, anataja nusu yake. Baba anajifanya kukasirika. Wanakutana mahali fulani katikati, na kila mmoja anaondoka akiamini amemweza mwenzake.

“Unajuaje bei ya kuanzia?” nikamuuliza siku moja.

“Bei ya mbao naijua, ya msasa naijua, ya vanishi naijua. Iliyobaki naisoma usoni.”

Na cha kutengeneza? Alitengeneza alichokipenda. Alipenda makabati makubwa ya vyombo, ya mninga, yenye milango ya vioo na nakshi juu. Zamani watu wa Mbezi Beach walikuwa wakishuka na magari yao kuja kuyaagiza. Siku hizi nyumba zile zinanunua vitu vya nje vinavyokuja kwenye maboksi, na wengine hawana hata haja ya kabati la vyombo, maana jiko lote limejengewa makabati ukutani. Baba aliendelea kuyatengeneza. Kati ya kabati na kabati alitengeneza vitanda, kwa sababu kila fundi wa Keko anatengeneza vitanda.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Vitanda vyetu vilifanana na vya fundi jirani, vya jirani vilifanana na vya anayemfuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa barabara. Masika yalipoanza na wateja wakapungua, jirani akashusha bei. Baba naye akashusha. Jirani akashusha tena. Yule jirani ni mtu mzuri, asubuhi tunakunywa naye chai, lakini kufika mchana kila mmoja alikuwa akimnyang’anya mwenzake mteja mmoja huyo huyo.

“Tukienda hivi,” baba akasema, “tutakuwa tunawalipa wateja waje kuchukua mbao zetu.”

Katika mvua hizo hizo akaja dada mmoja muuguzi. Alikuwa amepanga chumba Tandika na alikuwa akilalia godoro chini. Alikuja jioni akitoka kazini, akachagua kitanda cha futi tano kwa sita chenye kichwa kirefu, akakipigapiga kwa kiganja. Alisema amekuwa akipita hapo kila siku akikitazama kwa mbali. Alilipa bila kubishana sana. Jumamosi tukakipakia kwenye guta, kile kigari cha mizigo cha magurudumu matatu, mie na baba na dereva, tukampelekea.

Kitanda kikagoma kuingia. Nyumba ilikuwa na vyumba pande mbili na ujia mwembamba katikati, na mlango wa chumba chake ulikuwa wa mwisho, pembeni kabisa. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukakigeuza miguu juu. Wapangaji wakatoka nje kutupa ushauri. Mama mmoja mwenye kanga kichwani akatuambia tukipitishe dirishani, kisha akakumbuka kuwa dirisha lina nondo. Mvua ilikuwa ikinyesha, na vanishi mpya ilikuwa inapata madoa.

Mwishowe baba akachukua msumeno wake. Akamtazama yule dada, akasema, “Mwanangu, nitakikata. Nitakiunga ndani. Nisamehe.”

Dada akaitikia kwa kichwa. Msumeno ulipoanza kulia akageukia ukuta. Alisimama vile mpaka baba alipomaliza, akifuta macho kwa upindo wa mtandio wake. Baba aliviunga vipande kwa mabati na misumari, kazi safi kadiri ilivyowezekana, ila kovu lilionekana. Kitanda kipya, na tayari kilikuwa na kiraka.

Baba alipokuwa akikusanya vifaa vyake, nikamsogelea yule dada, nikamwambia pole, na nikamuuliza kama nyumba alizopanga kabla zilikuwa hivi hivi.

“Zote,” akasema. “Tena afadhali hii. Tangu nianze kazi nahamahama tu. Mwenye nyumba akipandisha kodi unatafuta kwingine. Na kila nikihama naacha kitanda, au nakiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu kukitoa ni vita na guta nalo linataka hela yake. Ndiyo maana nilikuwa nalala chini. Nilichoka kununua vitanda.”

Tukiwa njiani kurudi baba alikuwa akiufuta maji msumeno wake. Mie nilikuwa nikiyarudiarudia yale maneno ya mwisho. Watu wa aina ile ndio wengi wanaopita mbele ya karakana yetu, na hakuna hata mmoja wetu Keko aliyewahi kuwauliza mlango wao una upana gani.

Jumatatu nikaanza kuuliza. Kila aliyesimama kutazama kitanda, hata asiponunua, nilimuuliza anakaa wapi, amepanga au amejenga, na kitanda alichonacho kilifikaje ndani. Watu wanapenda kuulizwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinisimulia jinsi kabati lake lilivyolala kwa jirani yake mwaka mzima kwa kukosa mlango wa kupita. Madereva wa maguta waliopaki karibu na karakana ndio waliojua zaidi. “Dada,” mmoja akaniambia, “mie kupakia siogopi. Naogopa kushusha. Mteja kamaliza hela yote kwenye kitanda, anadhani mie namwibia.” Kumbe bei tuliyokuwa tukiitaja pale barabarani haikuwa bei ya kitanda. Mteja alikuwa akipiga hesabu nyingine kimoyomoyo, ya guta na vijana wa kubeba na fundi wa kuunga, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfanya aseme atarudi kesho.

Nikamwambia baba tutengeneze kitanda cha kufungua na kufunga.

“Cha nati?” Akakunja uso. “Nati zinalegea. Mtu akigeuka kinalia mpaka mtaa wa pili. Mie nijulikane kwa kelele?”

“Basi buni kingine, ambacho hakilii.”

“Wewe unataka kuniambia watu hawataki kazi nzuri.”

“Wanaitaka, baba. Ila wanataka iingie ndani.”

Akaondoka kwenda kunywa kahawa na hakurudi mpaka adhuhuri. Nilidhani nimemvunjia heshima. Kesho yake nilipofika nikamkuta ameinama juu ya vipande viwili vya mbao ya mkongo. Ubavu wa kitanda alikuwa ameuchonga ulimi mrefu unaopenya kwenye mguu mpaka kutokea upande wa pili, na hapo kwenye ulimi ametoboa tundu na kugongea kabari ya mti. Hakuna msumari. Hakuna nati. Akaniambia nitikise. Nikatikisa kwa nguvu zangu zote, kimya.

“Yule mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiunga milango hivi,” akasema. “Kabari ikilegea unaigonga, inakaza zaidi.” Nilimwona ana furaha ambayo sikuiona tangu masika yaanze.

Tukabishana kuhusu mbao. Alitaka mninga kitanda chote. Nikamwambia muuguzi hawezi, wala mwalimu. Paini tupu, mbao ya bei rahisi, naye hakuitaka. Tukaafikiana miguu na mbavu ziwe mkongo, chaga za kulazia godoro ziwe paini, na kichwa kiwe kifupi, bila nakshi. Nakshi ndiyo iliyomuuma. Akaomba mstari mmoja tu wa kuchonga juu ya kichwa. Nikamwachia, na nashukuru nilimwachia, maana wateja huupitishia kidole ule mstari kabla ya kuuliza bei.

Bei ndiyo iliyotusumbua kuliko mbao. Mie nilitaka tuwe chini ya jirani, tuuze haraka. Tukafanya hivyo. Watu wakasimama, wakavutiwa, tulipotaja bei wakarudi nyuma. “Mbona bei chee? Hakitavunjika?” Kijana mmoja aliuliza kama mbao ni za maboksi. Kitanda kinachofunguka tayari kilikuwa na walakini machoni mwao, na bei yangu ndogo ikawathibitishia.

Tukakaa juu ya magogo na soda zetu, tukaanza upya. Nikamweleza baba ninachofikiri: tuuze kitanda kilichosimama chumbani. Bei moja, ndani yake kuna kitanda, guta, kubeba na kufunga, mpaka mteja anatandika shuka.

“Bei itakuwa juu ya jirani,” baba akasema.

“Itakuwa juu. Lakini hatakuwa na kingine cha kulipa.”

“Na asipopunguziwa? Mteja wa hapa usipompunguzia anajiona umemdharau.”

Hapo alikuwa sahihi, na mie sikuwa nimefikiria. Tukaumiza kichwa. Suluhisho likatoka kwake: anayetaka kujibebea mwenyewe tunampunguzia gharama ya guta na ya kufunga, si zaidi. Mteja anapata cha kushinda, sisi hatupotezi mbao. Na wengi, wakishasikia wanaweza kubeba wenyewe, wanafikiria ule ujia wa nyumbani kwao, wanasema hapana, leteni nyie.

Nikaandika kwenye ubao kwa rangi: KITANDA MPAKA CHUMBANI. Chini yake bei. Keko yote hapakuwa na mtu anayeandika bei, na jirani yetu alikuja kuusoma ubao akicheka. “Mzee, sasa utamsoma nani usoni?”

“Wataisoma wao,” baba akamjibu.

Wa kwanza kununua walikuwa mtu na mkewe, wameoana karibuni, wamepanga Mbagala. Mke ndiye aliyeuliza mara mbili, “Mpaka ndani kabisa? Hatutoi kitu tena?” Tulipofika kwao tukaingiza vipande kimoja kimoja kama mtu anayeingiza kuni, baba akagonga kabari, na mke akakaa kwenye kona ya kitanda, akaruka ruka kidogo, akacheka. Baba akasimama mlangoni akimtazama. Kwa miaka yote ile alikuwa akikabidhi kazi yake barabarani na kuiona ikiondoka juu ya gari. Siku hiyo aliona inakofikia.

Yule muuguzi tulimpelekea miguu na mbavu mpya za kilekile kitanda chake, tukamtolea viraka vya bati. Alitaka kulipa, baba akakataa. Baadaye akatuletea wenzake wa wodini, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wapangaji.

Haikupita muda mrefu jirani naye akatoa kitanda cha kabari. Nilikasirika. Baba akaenda kukitikisa, akamwonyesha palipolegea. Nikamuuliza kwa nini anamfundisha.

“Kikivunjika cha kwake, watu watasema vitanda vya kabari ni vibovu. Vyetu pia.”

Na kweli kuanzia hapo watu walianza kuja Keko wakiulizia kitanda cha kabari kwa jina. Jirani anauza cha bei ya chini, pale pale barabarani, ujibebee. Sie tunauza cha mpaka chumbani. Kila mmoja ana wateja wake, na mchana tunakunywa chai kama asubuhi.

Kazi ya ofisini ilinijia mwaka uliofuata. Walinipigia simu nikiwa nimeshika msasa. Niliwasikiliza, nikawashukuru, nikawaambia nimeshapata kazi. Baba alikuwa upande wa pili wa meza akipiga randa, na alijifanya hajasikia, ila randa ilisimama kwanza kisha ikaendelea.

Sasa hivi tunabishana kuhusu meza. Jumapili zilizopita, baada ya ibada, tumekuwa tukipita kwenye nyumba mpya za kupangisha huko Buza, baba na futi kamba yake mfukoni, akiomba ruhusa kwa mafundi ujenzi apime milango. Kwenye zilizokwisha kupata wapangaji tumeona watoto wengi wakifanya kazi za shule wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni. Nataka meza ya mwanafunzi inayokunjwa ukutani, ya bei ambayo mzazi anaweza kuilipa kidogo kidogo kabla ya shule kufunguliwa. Baba anasema ukuta wa nyumba za kupanga huwezi kuutoboa, mwenye nyumba atatufukuza sote.

“Basi ikunjwe isimame yenyewe,” nikamwambia jana.

“Kwa miguu gani?”

“Hiyo ni kazi yako.”

Akaniomba kalamu. Asubuhi hii nimemkuta amechora miguu ya aina tatu kwenye kipande cha ubao, miwili ameikata kwa mstari wa kalamu, na wa tatu anauzungushia duara.