Gamba la Mwalimu wa Baiolojia

Mwalimu wa baiolojia wa Mikumi huosha mikono kabla ya kulishika gamba lile la chaza, refu na jembamba kama mpini wa kisu, kisha hulifuta kwa leso. Kwa miaka tisa amewaeleza wanafunzi kwamba chaza huyo wa pwani huukata mchanga kwa ncha ya gamba lake, na kila afikapo kwenye neno "huukata" hushusha sauti. Bahari yenyewe hajaiona. Jumanne moja, Lupakisyo, dereva wa lori kutoka Tanga, alimletea chaza hai katika ndoo ya mchanga na maji ya chumvi. "Mwalimu, mgeni wako huyo, kachoka na safari." Darasa likaizunguka ndoo. Chaza akatoa mguu mweupe, laini kama ulimi. Ukazama mchangani, ukavimba, ukamvuta mzima mzima chini.

"Mwalimu, mbona hakati?" aliuliza Devota, na wenzake wakacheka.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti. Aibu ilimpanda shingoni, lakini macho yalikataa kutoka ndooni. "Hujivuta," alisema taratibu. "Futeni mlichoandika." Kisha akatoa simu. "Devota, kaka yako nilimfundisha hivyo hivyo. Nipe namba yake."