Mstari Uliokatwa

Mawese mapya yakianza kuchemka, harufu yake nzito hunirudisha Rumonge, kando ya ziwa, enzi ya Mjerumani, kwenye baraza ya baba yangu, fundi wa kushona. Ziwa lilimeremeta kupita kiasi, na mchana ulipita polepole kama mtu anayetembea usingizini.

Kulikuwa na padri mmoja, mzee Mfaransa, aliyeleta kanzu zake zishonwe. Akisubiri, alinifundisha maneno ya kwao, nami sikuchoka kuuliza. Kwa nini kwa Kifaransa kila kitu kina jinsia, meza ni mke na kisu ni mume? Padri alicheka tu. Baba akauliza bila kuinua kichwa, "Na sindano?"

"Mke."

"Uzi?"

"Mume."

"Basi lugha yenu iko na akili," baba akasema. "Sindano ikipita, uzi hufuata."

Mama alicheka sana siku ile. Ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, kwa kuwa baadaye malale yalimshika. Alikuwa akisinzia katikati ya sentensi, mwiko mkononi, mawese yakiungua. Mwishowe wakamchukua kwa mtumbwi hadi kambi ya wagonjwa, mbele ya kijiji cha Magara. Watoto hatukuruhusiwa kufika huko.

Padri alipokuwa akienda kuwaona wagonjwa, nikamwomba anipelekee barua. Mama hakujua kusoma, lakini sista wa kambi alisema Kifaransa, nami niliamini barua ya Kifaransa ingemfikia upesi zaidi. Nikaandika kwa uangalifu, ulimi nje: *Je te manque.* Nilitaka kusema, mama, ninakukosa.

Padri akatikisa kichwa. "Hapana, mutoto wangu. Hapa umesema mama ndiye anakukosa wewe."

"Lakini ni mimi ninayemkosa!"

"Kwetu, yule asiyekuwapo ndiye hutangulia. *Tu me manques.* Ni kama kusema, wewe umepungua kwangu."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Mimi ndiye niliyelala na kitenge chake. Kwa nini nisitangulie? Hata hivyo nikaukata mstari wangu kwa wino mzito, nikaandika wa kwake chini.

Aliporudi baada ya siku kadhaa, hakuulizia kanzu. Aliketi karibu nami.

"Sista amemusomea, nami nikamwelezea kwa Kiswahili," akasema. "Kisha mama yako akaweka kidole juu ya ule mustari uliokatwa, akauliza ulisema nini. Nikamwambia ni kosa la mutoto, uliandika kwamba yeye ndiye anakukosa wewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mwambie asiukate. Huo ni wangu.'"

Nilidhani mama ananitetea, kama alivyonitetea kila nilipovunja chungu. Niliona fahari hata mbele ya padri. Mama hakurudi, alizikwa kule kule kabla mvua hazijaanza, na siku habari zilipofika baba akashona kutwa nzima.

Miaka mingi ikapita, binti yangu akaolewa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Asubuhi moja nilimpakulia sahani yake kabla sijakumbuka kwamba hayupo. Nilisimama pale jikoni na ile sahani, chakula kikipoa. Ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa akinitetea. Alikuwa kule, kati ya usingizi na usingizi, akinitafuta kwa mkono kitandani, na mimi, kwa kukosea, nilikuwa nimemwandikia jibu lake.