Siku Niliyoambukizwa Uzee

Nikisikia harufu ya ndimu iliyokatwa, wallahi aibu hunijia kabla ya hamu. Nitawaambia kwa nini, lakini msinicheke sana.

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Mji wa Kale, na Nyanya yangu alikuwa bingwa wa achari. Ramadhani ilipokaribia, alinipandisha juu ya nyumba, penye sakafu ya wazi, tukachanja ndimu na kuzijaza chumvi ili zianikwe. Alipoteremka kuswali adhuhuri aliniusia, "Ukimaliza, nawa mikono, kisha ingia kivulini." Miye huyo nikabaki juani, nazikamua ndimu zilizobaki kwa mchezo tu, maji yakinichuruzika hadi viwikoni. Kunawa? Hata sikukumbuka.

Baada ya siku mbili tatu nikaamka na madoa ya hudhurungi mikononi. Nikayatazama, nikamtazama Nyanya. Lahaula! Madoa yake yale yale. Nikajua nimeambukizwa uzee, na sababu niliiona wazi: kila siku tulikula sinia moja, naye hunimegea tonge kwa mkono wake. Nikakimbilia kioo kukagua meno. Moja lilikuwa likitikisika.

Basi nikadai sahani yangu peke yangu. Nyanya akinyoosha mkono, nasogea kando. Siku tatu nzima nilikula hivyo, kama mgeni wa serikali. Ya nne, jino likang'oka katikati ya wali, nikaangua kilio: "Nyanya, umeniambukiza, nimezeeka! Na hata sijaolewa!"

Akanishika mikono, akaigeuzageuza, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Ewe mwehu! Hiyo ni ndimu na jua. Si nilikwambia unawe? Yataondoka yenyewe. Haya yangu ni ya umri na jua la miaka yote hii, wala hayamwambukizi mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe shukuru limetoka jino tu."

Tukarudi kwenye sinia letu, na madoa yangu yakafifia taratibu.

Lakini siku zile tatu, kabla ya kila mlo, Nyanya alikuwa akiisugua mikono yake kwa sabuni na dodoki, muda mrefu, kisha anakaa mbele ya sinia kunisubiri. Mimi nilidhani anajitibu uzee. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba alidhani namwonea kinyaa. Na hakuniuliza kitu, maskini. Alikwenda kunawa tena.