Maegemeo ya Wazee

Katika karakana ya jiji kulikuwa na wachomeleaji wanne, lakini ukisikia mtu anasema "muulize fundi" bila kutaja jina, ujue fundi huyo ni Mshono. Jina hilo alipewa na mzee aliyemfundisha kazi, kwa sababu vyuma viwili vikiunganishwa na yeye, pale vilipokutana palibaki mstari mwembamba ulionyooka kama uliopita chini ya cherehani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, maana huko mbele mtataka kumtukana, na mimi mwenyewe nimeshamtukana vya kutosha.

Mzee aliyemfundisha aliitwa Mzee Vitanda. Alikuwa na banda lake kando ya barabara, akitengeneza vitanda vya chuma, na alikuwa na mtindo wake ambao mafundi wengine waliuona wa kichaa. Kitanda kikishakamilika, aliyekitengeneza ilimpasa akilalie mwenyewe kabla ya mteja kukigusa. Mzee angesimama pembeni, mikono kifuani, akitoa amri: "Geuka. Lala kifudifudi. Sasa lala kama mgonjwa. Haya, lala kama mtu aliyegombana na mkewe." Kitanda kikilia hata kidogo, kinarudi kwenye moto. "Usimpe mtu chuma ambacho mgongo wako haukijui," ndivyo alivyokuwa akisema, na Mshono alilala juu ya vitanda vingi hadi mbavu zake zikaota sugu.

Mkewe mzee, ambaye hakujaliwa mtoto, naye alimpakulia Mshono chakula kama mwanawe, sahani sawa na ya mumewe. Akiugua, alilala kwao. Siku alipooa, hakuwa na baba, na aliyesimama mahali pa baba ni Mzee Vitanda, ndani ya koti la kuazima lililombana makwapani.

Kisha Mshono akapata kazi ya jiji. Aliaga vizuri, akaahidi atakuwa anapita kila akipata nafasi. Alipita mara chache, nafasi ikawa haba. Baadaye barabara ikapanuliwa, na banda la mzee pamoja na vyumba walivyoishi nyuma yake vikaangushwa na matingatinga ya jiji hilohilo. Mshono alisikia. Akasema, "Lazima niende nikampe pole." Akasikia pia kwamba yule mama aliyempakulia chakula amefariki. Akasema tena, lazima niende. Lakini ngojangoja huumiza matumbo, na kila wiki iliyopita iliongeza mzigo, kwa sababu sasa asingetoa pole tu, angeeleza pia alikuwa wapi siku zote hizo. Mwisho akaona kutokwenda ni rahisi zaidi.

Basi mwaka huu wenye maduka wa katikati ya mji wakalalamika kwamba watu wanalala kwenye mabenchi ya jiji. Wakubwa wakakaa kikao. Inasemekana yalitolewa mapendekezo matatu: kumwaga maji kwenye baraza kila alfajiri, kuwapakia watu kwenye lori na kuwatupa nje ya mji, na kuweka vyuma kwenye mabenchi. Kikao kikayapenda yote matatu. Nyumba haikutajwa, au kama ilitajwa, aliyetaja alikohoa ikapita.

Vyuma vikaangukia karakana. Mhandisi, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alikuja na mchoro wa benchi lenye bomba lililopinda katikati. "Haya ni maegemeo ya wazee," alieleza. "Mzee akikaa apate pa kuweka mkono." Mafundi wakatazamana. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyedanganyika pia.

Mshono alitengeneza la kwanza siku hiyohiyo. Alipomaliza kulipiga tupa na msasa, akafanya alichokifanya maisha yake yote: akapanda, akalala. Wenzake walicheka hadi wakaacha vyombo. Alilala chali, akashindwa. Akalala ubavu, akakunja magoti, akaipitisha miguu chini ya bomba, na hapo akatulia vizuri kabisa. Akainuka na kumwita mhandisi.

"Mama, hapa mtu bado analala."

"Analalaje?"

Akamwonyesha. Kisha akalishusha bomba lisipitishe miguu, akalala tena, akagundua mtu mwembamba anaweza kujikunja upande mmoja. Akaongeza bomba la pili, akalisogeza mpaka likae penye nyonga. Akalala tena na tena, akitafuta pa kuweka bega, pa kuweka goti, na kila alipopapata alipaziba. Alipokosa kabisa namna ya kupumzika, alishuka akitabasamu, ametosheka.

"Wewe ni hazina," mhandisi akamwambia mbele ya watu. Msimamizi wa karakana alikuwa anakaribia kustaafu, na kila mtu alielewa maneno yale yanaelekea wapi. Kichwa cha Mshono kikavimba. Jioni alimsimulia mkewe, naye mke akafurahi, maana alisikia habari za cheo tu. Habari za benchi hakuzisikia.

Kazi ya kufunga ikaanzia mbele ya hospitali kuu, ambako mabenchi yamejipanga kandokando ya ukuta. Askari wa jiji walitangulia wakiamsha watu, mafundi wakafuata na drili na bolti, na mhandisi akaja nyuma akikagua. Kwenye benchi moja alikuwa amekaa mzee mrefu mwenye mkoba wa turubai. Askari akamwambia ainuke, akainuka bila neno, akasimama pembeni kuangalia. Mshono hakumtazama usoni. Alikuwa ameinama, anakaza bolti.

Alipomaliza, mkono ukapita mbele yake, kiganja kikateleza juu ya bomba taratibu, kikasimama penye kiungo. Kidole kimoja cha mkono ule kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki. Mshono alikijua kidole kile kuliko vyake.

"Nilijua," mzee alisema. "Niliona lile la mwanzo kule getini, nikasema huyu si mwingine, huyu ni Mshono."

Mshono akasimama.

"Ulilala kwanza?" mzee akauliza.

Mshono akaishika tena bolti aliyokwisha kuikaza.

"Ulilala, naona. Mtu asiyelala asingejua kuliweka hapa penye nyonga." Akaligonga bomba kwa kucha, akasikiliza. "Limeshika. Kazi safi, mwanangu."

Laiti angesema kwa kejeli! Kejeli mtu anaweza kuijibu, au hata kuikasirikia. Lakini mzee alimaanisha. Alisimama pale na koti lake lenye vumbi la barabarani, uso umemnawiri kwa fahari ya mwalimu, mbele ya chuma kilichomnyang'anya pa kulala. Mshono aliona aibu ikimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na kama ardhi ingepasuka angeingia bila kuaga.

Hapo mhandisi akafika. "Vipi, fundi? Mnafahamiana?"

Swali dogo tu. Askari wawili walikuwa wamegeuka kusikiliza, na wenzake wa karakana wameacha drili. Mshono alifikiri kwa haraka jinsi watakavyomtazama: msimamizi mtarajiwa, na baba yake huyu hapa anayeamshwa na askari. Ndivyo alivyofikiri, simsingizii.

"Hapana, mama," akasema. "Simfahamu."

Mzee alimtazama kidogo, jinsi alivyokuwa akitazama kiungo kilichokataa kushika. Kisha akamgeukia mhandisi.

"Nimemfananisha, mama. Macho ya uzee haya." Akatupa mkoba begani. "Samahani, fundi. Kazi njema."

Akaenda zake akifuata ukuta, bila haraka. Mhandisi akaandika kitu, akasifu kazi, wakasogea kwenye benchi linalofuata.

Siku hiyo Mshono alivunja ncha mbili za drili, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya chakula bila kunawa. Mkewe akambana, naye akasema yote. Mke hakupiga kelele. Aliondoa sahani kama anayepisha kitu kikubwa zaidi kikae mezani.

"Ni yuleyule aliyesimama mahali pa baba yako tulipooana?"

"Ndiye."

"Akakuokoa tena, kwa kujifanya hakujui mbele ya bosi wako."

"Ndiyo."

"Kweli fadhila za punda ni mateke." Akafuta meza palepale pasipo na uchafu. "Kesho umlete. Watoto watalala pamoja, yeye atachukua chumba chao. Na usiende jioni baada ya kazi. Uende mchana, watu wakuone."

Kesho yake, saa ya chakula ilipofika, Mshono hakungoja hata kubadili nguo. Alikwenda na ovaroli lake lenye maandishi ya jiji mgongoni, akazunguka hospitali, akaingia kwenye bustani iliyo nyuma yake, ambako waliofukuzwa kwenye mabenchi walikuwa wamehamia. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Angeanza na "nisamehe, baba," na baada ya hapo Mungu angemsaidia. Bustani ilikuwa kama imefagiwa. Alimkuta mama mmoja tu wa makamo, anakunja maboksi na kuyafunga kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naondoka, mwanangu, si unaona nakunja?"

"Sikuja kumfukuza mtu. Namtafuta mzee mmoja mrefu, ana mkoba wa turubai, kidole chake kimoja hakikunjiki."

"Mzee Vitanda?" Mama akaacha kamba. "Si mmemchukua wenyewe asubuhi? Lori lilikuja hata uso hatujanawa. Mimi nilikuwa chooni hospitali, ndiyo pona yangu."

"Wamempeleka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Lori lenu, dereva wenu! Safari iliyopita waliwamwaga watu huko njia panda, nje kabisa ya mji. Wenye miguu walirudi. Wengine hatujawaona." Akampima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye buti. "Kwani wewe ni nani wake?"

Mshono alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga yalikuwa ya mzee peke yake, hakuyaandaa kwa mtu mwingine.

"Mtu wa kazini tu," akasema.

"Basi huko kazini uulizie vizuri, baba, yule mzee ana mtu wake. Ana kijana aliyemfundisha kazi. Siku haiishi bila kumtaja. Eti yuko mbali sana, ng'ambo huko, ndiyo maana haji. Anasema kijana yule angekuwa katika mji huu, yeye asingelala nje hata usiku mmoja."

"Na jana?" Mshono akauliza. "Jana alivyorudi, alisema nini?"

"Jana ndiyo kabisa! Alirudi kimya, tukaanza kumtania, tukamwambia huyo kijana wako ni wa kubuni. Wacha awake! Sijawahi kumwona mzee yule amekasirika vile. Akasema kijana yupo, na ana moyo mzuri, ila yuko mbali." Mama akainama, akakaza fundo la kamba. "Kama kuna njia ya kumpata huko aliko, mwambieni. Mwambieni mzee wake amepakiwa kwenye lori."

"Nitamwambia, mama," akasema Mshono, akageuka kurudi karakana, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekwisha.