Mkate Alioula Bi Zamda Peke Yake

Harufu ya iliki ikikutana na samli juu ya makaa, jamani, mimi huwa siko tena pale niliposimama. Juzi nilikuwa natoka sokoni na kikapu changu, na jirani alikuwa anapika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Nikasimama katikati ya njia niivute ile harufu. Mara kengele, kriing! Kijana juu ya baiskeli. "We bibi, toka njiani!" Hakuna shikamoo wala samahani! Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha nikapaza sauti mtaa mzima unisikie: "Adabu imekwisha Bagamoyo!" Halafu nikaanza kucheka peke yangu, maana ile haikuwa sauti yangu. Ilikuwa sauti ya bibi yangu, mama yake baba.

Bibi alikuwa akisema hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, na wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa hata hawajaja. Alikaa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, akiwachungulia wapitao. Yule kapita barazani hakutoa salamu. Yule anatafuna muhogo huku anatembea, kama mbuzi. Yule kijana hakumpisha mzee. "Hawa watu wa bara ndio waliotuharibia mji," alisema, na alikuwa na maana ya wapagazi waliokuja na misafara ya pembe za ndovu. Mimi nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, nikaamini kwamba adabu ni kama maji ya mtungini, na kwamba iko siku tutaamka tuukute mtungi mkavu.

Sasa sikilizeni. Shangazi yangu Mwanaidi alikuwa ameposwa na Shomari, fundi wa kuchonga milango. Posa ya kwetu ilikuja na kombe, sahani kubwa ya kaure, imejaa halua. Halua mnakula, lakini jibu hamlisemi kwa mdomo, kombe ndilo linalojibu. Likirudi limejazwa, binti mmemtoa. Likirudi tupu, basi mmekataa, na mlango uliojibu hivyo haubishwi tena, hata mwenye nyumba akijuta. Wazee waliona ndiyo heshima, mtu asiambiwe neno la kumuumiza usoni. Na Shangazi alimtaka Shomari, asiwadanganye mtu! Akisikia patasi yake inagonga mtaa wa pili, ufagio ulimdondoka mkononi.

Hofu yake ilikuwa moja tu, mama mkwe. Bi Zamda, mama yake Shomari, alikuwa mjane mwenye ulimi wa wembe. Mwenzake akivaa leso iliyofifia alimwambia. Akipika wali mbichi alimwambia, tena mbele ya wageni. "Nyumba unayompeleka mwanao," majirani walimnong'oneza Bibi, "haina stara."

Siku ya jibu Shangazi aliupika mkate wa kumimina mwenyewe, hataki hata nimsaidie kupepea moto. Ulipotoka ulikuwa umeumuka, mwekundu juu, laini ndani. Bibi akaukata vipande, akavipanga ndani ya kombe la kina Shomari, akalifunika kwa kawa jipya la ukindu. Nikatwishwa mimi, kwa sababu mpeleka jibu alikuwa ni mtoto wa kike.

"Usitue, usifunue," Bibi akaniambia, "na usimpite mtu bila kumwamkia."

Kabla sijavuka kizingiti, barghumu ikalia! Mnajua barghumu? Pembe ya mnyama inayopulizwa mpaka tumbo linakutetemeka. Msafara unaingia! Watu walikuwa wanafungua milango, wanaacha vyungu motoni, wanakimbia. Mama akasema tungoje kidogo. Bibi akakataa katakata. "Tumewaambia kabla ya adhuhuri, na kabla ya adhuhuri litafika. Sisi si watu wa bara." Wallahi nilifurahi mpaka nikajikwaa.

Ee, njia ile! Bunduki zilikuwa zinapigwa hewani, moshi wa baruti unawasha pua, kengele zinalia miguuni mwa wapagazi, na wao wamejivika manyoya kichwani, wanaimba kwa kupokezana, vumbi lote la bara likiwa migongoni mwao. Pembe nyingine ilikuwa ndefu kuliko aliyeibeba. Na mimi katikati yao, mikono yote miwili juu, nimeshikilia kombe, natimiza amri. "Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!" Niliuamkia msafara mzima. Mpagazi mmoja, pembe yake begani, alisimama aliponiona, akajibana ukutani na mzigo wake wote ili nipite. Akasema neno la kwao na kucheka. Nikajua ni marahaba.

Mbele zaidi watu walikuwa wamejaa tele, na hao walikuwa wa kwetu, vijana wa mjini wenye kanzu nyeupe na kofia zilizotariziwa. Walisukumana kwa viwiko. Nilibanwa kila upande, siwezi kuinua macho. Hapo kombe likaanza kuwa jepesi. Mashallah, nikajiambia, nimekuwa na nguvu! Nyuma yangu nikasikia mtu anatafuna. Nikasikia harufu ya iliki, na sauti safi ya Bagamoyo ikisema, "Mtamu, wallahi, chukua na wewe!" Na mimi nikawaza, kumbe leo kila nyumba wamepika mkate.

Ukumbi wa Bi Zamda ulijaa wanawake, walioalikwa na waliojialika. Nikaamkia mmoja mmoja. Bi Zamda akanitua kombe, akaliweka juu ya mkeka, akaniketisha ubavuni pake. Kisha akainua kawa kidogo, upande wetu.

Niliona maua ya buluu ya kaure. Niliona chembechembe na alama za samli. Mkate, hakuna!

Nilimwona Shangazi akipepea moto peke yake, nikamwona Shomari akiambiwa kwamba kakataliwa. Bi Zamda akaliangalia kombe, akaniangalia mimi, akaliangalia tena kombe. Shingo zote zilikuwa zimenyooshwa.

"Vipi, Bi Zamda?" akauliza mmoja. "Mbona umenyamaza? Kumejaa au kutupu?"

Nikafungua kinywa nilie. Vidole vya Bi Zamda vikanifinya paja, sauti ikarudi ilikotoka. Kawa likashuka. Na Bi Zamda akarudisha kichwa nyuma akapiga kigelegele ambacho nadhani hata wapagazi walikisikia! Ukumbi mzima ukaitikia. Wengine wakasimama, wakacheza.

"Haya, tuonjeshe basi," wakasema walipochoka.

"Sionjeshi mtu," akajibu Bi Zamda, mkono wake umelala juu ya kawa. "Mkate wa kwanza wa mkwe wangu naula mwenyewe. Ninyi subirini harusi."

Kwetu mtu hali peke yake mbele ya wageni, hata kama ni tende moja. "Makubwa!" akasema yule aliyeuliza, akajitanda leso yake. Wakatoka mmoja mmoja, wakifyonya. Walipofika nje niliwasikia: choyo kitupu, mwanamke gani huyu, adabu imekwisha.

Tulipobaki wawili Bi Zamda akaniuliza, "Nani kaula?"

"Sijui. Nilisikia mtu anatafuna."

"Anayekataa huosha kombe kwanza," akasema. "Hili lina samli. Lakini wale hawakuja kuangalia samli. Wangeona kombe tupu, na jua lisingetua kabla mji mzima haujasema mwanangu kakataliwa, na bibi yako ana kiburi, angeona aibu kuja kueleza." Akanifuta kamasi kwa ncha ya leso yake. "Kamwambie mkate umefika. Mwambie nimeumaliza."

Nikaenda nikasema hivyo hivyo. Shangazi alinibeba akanizungusha ua mzima mpaka kichwa kikaniuma. Bibi alikaa kitako. "Wote? Peke yake? Ee Mola, adabu imekwisha Bagamoyo!"

Harusi ilifanyika, tukala tukasaza. Lakini jina la choyo lilimganda Bi Zamda mpaka uzeeni. Wanawake walimtania kisimani, walimtania misibani, naye, mwenye ulimi ule, hakujibu hata neno. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya lile finyo. Utotoni nilimwona ni mwongo wa ajabu, basi. Ilibidi niolewe, niwe na wakwe na wageni wangu, ndipo nielewe. Bibi alikuwa akiitafuta adabu njiani, kwenye salamu na kupisha wazee, na waliofunua chombo cha watu kilichofunikwa walikuwa na kanzu safi kuliko wote. Aliyekifunika ni yule tuliyeambiwa hana stara, na ili akifunike alikubali yeye aonekane hana adabu. Funika kombe mwanaharamu apite, msemo nilikuwa naujua tangu zamani. Bei yake nilikuwa siijui.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Shangazi alikuwa amempikia mkate wa kumimina, akamwekea kombe zima mbele yake, akamtania kama alivyomtania miaka yote: "Haya mama, kula peke yako kama siku ile."

Bi Zamda akamega kipande, akatafuna taratibu. Macho yake yakanitafuta mimi, mlangoni.

"Mtamu, mwanangu," akamwambia Shangazi. "Lakini ule wa kwanza, wallahi, sijapata kula mfano wake."