Wifi Yangu Alipuliza Filimbi Mara Tatu, Nikawarudisha Watu

Admin, jina langu lifiche kabisa, na najua hata hivyo wa kwetu wakiona neno filimbi watanijua. Nyinyi wasomaji, matusi nitayapokea. Ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, natoka upande wa Mwala. Mume wangu alipofariki nilirudi kwetu na watoto watatu na mabegi mawili. Kaka yangu hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Alinikatia kipande cha shamba kando ya boma lake, akanisaidia kupiga matofali, na tangu hapo sisi ni majirani. Kwa hivyo nikimtaja hapa, jueni namtaja mtu aliyenisitiri.

Mwaka jana wezi wa mbuzi walitutesa sana. Walikuja na panga, na mzee mmoja jirani yetu walimkata bega akiwazuia. Sisi wa Nyumba Kumi tukasema imetosha. Mimi ndiye katibu, na wazo la filimbi lilikuwa langu. Kila boma lipewe filimbi moja. Ukipuliza mara moja, kuna mgonjwa au moto. Ukipuliza mara tatu, ni mwizi, na kila mtu atoke na rungu. Ilifanya kazi, wezi wakahama. Naibu wa chifu alinisifu mbele ya baraza na kichwa kikanivimba, siwafichi.

Siku ya kugawa filimbi, mke wa kaka yangu, ambaye nitamwita Mwende, aliinua mkono. Mwende ni mtu wa kunyamaza, kwa hivyo sote tulimgeukia.

"Na kama mwizi ako ndani ya nyumba?" akauliza.

Mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Huyo si mwizi, huyo ni bwana yako. Mpikie chai!"

Baraza zima likacheka. Kaka yangu alicheka kuliko wote. Mwende naye akatabasamu kidogo, akaifunga ile filimbi kwenye pindo la leso yake. Nilikuwa nimeona alama shingoni mwake mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili nilimuuliza habari za ng'ombe. Sitawadanganya kwamba sikujua. Nilijua.

Sasa Jumamosi moja, saa tisa mchana, nilikuwa uani napepeta ndengu. Nikasikia filimbi. Mara tatu. Ikanyamaza, ikaanza tena, mara tatu. Ilikuwa inatoka kwa kaka yangu. Watu wakatoka mbio na rungu zao vile nilivyowafundisha, lakini mimi ndiye wa karibu, nikafika langoni kwanza. Nikasikia sauti ya kaka yangu ndani, na kitu kizito kikianguka.

Nikageuka, nikainua mikono yote miwili. "Rudini, ni watoto wanachezea filimbi! Poleni sana."

Yule mzee wa bega alikuwa mbele yao, anahema. "Aiya, katibu, uko na hakika?"

"Niko na hakika, mzee. Hapa si kwa mwana wa mwaitu, kaka yangu wa tumbo moja?"

Basi wakarudi. Hata niliwatania kwamba wamekimbia vizuri na hakuna wa kuwapa nishani. Nikarudi kwa ndengu zangu. Filimbi ililia mara moja tena, fupi, halafu basi. Nikaendelea kupepeta.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji ndiye aliyemkuta Mwende ametambaa mpaka mlangoni. Mkono umevunjika mara mbili. Jicho la kulia madaktari wanasema halitaona tena. Kaka yangu anawaambia watu alianguka kutoka kwa mkokoteni wa punda, na majirani wamenyamaza kwa sababu yangu. Kama katibu alisema ni watoto, nani atasema si watoto?

Polisi wameniita niandikishe taarifa wiki hii. Mama yangu naye amekuja kwangu akakaa chini, hakutaka hata chai. "Wewe ulikuja hapa na mabegi mawili," akaniambia. "Nani alikupea mahali pa kulala? Wazee watachinja mbuzi Jumamosi, Mwende arudi kwake, hii maneno iishe. Ukifunga mtoto wangu, usikuje kunizika."

Jana nilimpelekea Mwende uji hospitalini. Nilikuwa namnywesha kwa kijiko, na yeye ndiye alikuwa ananihurumia mimi eti nimechoka. Halafu akaniambia polepole, "Wifi, nilipuliza mara tatu vile ulitufunza. Nafikiri ile filimbi ilikuwa mbovu. Hakuna mtu alisikia."

Nikakoroga uji uliobaki kikombeni.

"Wakinirudisha nyumbani, unipee ingine," akasema. "Yenye inasikika."

Nikamjibu, "Nitakutafutia." Hivyo tu ndivyo nilivyoweza kusema, ndugu zangu. Nitakutafutia.

Usiku silali. Nikienda polisi, namfunga aliyenisitiri na mama yangu ananikana. Nikinyamaza, Jumamosi watakula mbuzi na Mwende atarudi mlango uleule. Na hata nikisema yote polisi, bado sijui nitamtazamaje Mwende, kwa lile jicho moja alilobaki nalo, nimwambie ni mimi niliyewarudisha watu. Nishaurini, hata kama ni kwa ukali, nianzie wapi?

Filimbi yake niliiokota mlangoni siku ileile. Leo asubuhi niliipuliza mara moja tu, kuijaribu. Majirani wawili walitoka mbio.